Bei Imekufagia Kisha Ikaenda Ulikosema: Kusoma Maeneo ya Ukwasi na Kuingia kwenye Brekauti

Vijana wa Uroa, Pongwe na Chwaka wanaotredi fedha za kigeni na dhahabu kwa simu huniuliza swali moja, hata likija kwa maneno tofauti: "Niliona bei inavunja kwenda juu, nikanunua. Ikashuka, ikanigusa stopu, kisha ikapanda bila mimi. Kwa nini?" Wengine wanaapa kuwa broka anawatizama wao binafsi. Wachache wameshanunua kiashiria cha bei kubwa kinachopaka chati rangi na kudai kinaonesha ukwasi ulipo, na bado stopu zao zinaguswa.

Jibu fupi ni kwamba ulinunua mahali waliponunua wengi, ukaweka stopu mahali walipoiweka wengi. Kiashiria hakikusaidii kama hujui unakitumia kutafuta kitu gani.

Haya nayaandika kwa mtu aliyekwisha kufungua chati, anayeijua mishumaa, na aliyechoka kuliwa kwenye brekauti. Kama bado hujaanza, ruka hadi kwenye sehemu ya loti na ya broka kwanza. Ukishazisoma, huenda ukaamua kubaki na shughuli yako, na hakuna wa kukucheka.

## Ukwasi ni amri za watu

Benki ya Malipo ya Kimataifa ilipohesabu soko la fedha za kigeni Aprili 2022, mzunguko ulikuwa dola trilioni 7.5 kwa siku. Kwa hiyo wanunuzi na wauzaji wapo. Lakini hawakutawanyika sawasawa kwenye kila bei. Amri zao zimerundikana mahali fulani, na rundo hilo ndilo tunaloliita eneo la ukwasi.

Fikiri taasisi yenye mzigo mkubwa wa kuuza. Inahitaji wanunuzi wengi kwa mara moja, la sivyo itaiangusha bei kabla ya kumaliza kuuza. Wanunuzi hao inawapata juu kidogo ya kilele cha jana. Hapo zipo stopu za waliouza mapema, na stopu ya muuzaji ni amri ya kununua. Hapo hapo zipo amri za wanaosubiri brekauti, nazo ni za kununua. Mvuvi wa dema hazamishi dema lake popote tu. Anaangalia samaki wanapopita.

Hili halitokani na porojo za mitandaoni. Mtafiti Carol Osler, alipokuwa Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, alichambua amri halisi za wateja wa benki moja kubwa, na makala yake yakatoka mwaka 2003. Aliona kuwa amri za kuchukua faida hurundikana kwenye namba za duara kama zile zinazoishia na 00, na stopu hurundikana ng'ambo kidogo ya namba hizo. Ndiyo maana bei hugonga namba ya duara na kurudi, na ikiivuka hukimbia: ng'ambo kuna stopu zinazolipuka moja baada ya nyingine.

"Basi ni broka ndiye anayenifagia stopu?" Usibishane, pima. Fungua dakika ile ile kwenye chati ya broka mwingine. Utambi wa mshumaa ukiwa sawa, au ukipishana kwa pipsi moja hivi, soko ndilo lililokufagia. Ukiona utambi wa broka wako umerefuka peke yake, na jambo hilo likajirudia, toa pesa yako.

## Mistari ya kuchora kabla ya kugusa kiashiria

Chora kwenye chati ya siku na ya saa nne. Chati ya dakika moja itakuonesha vilele hamsini, na hakuna taasisi inayovijali.

- Kilele na bonde la jana.
- Kilele na bonde la wiki iliyopita. Mistari hii ina nguvu kuliko ya jana.
- Kilele na bonde la kipindi cha Asia, yaani tangu saa 9 usiku hadi London inapofunguliwa.
- Vilele viwili au vitatu vilivyosimama sawa, na mabonde yaliyolingana. Vitabu vya zamani vinaita mahali hapo ukuta. Wewe paone pia kama ghala la stopu.
- Namba za duara: 1.1000 au 1.0950 kwa yuro na dola, na kila mia kwa dhahabu.

Usizidishe mistari sita kwenye skrini moja. Ikizidi hapo, kila bei inakuwa eneo, na utapata sababu ya kuingia hata pasipo na sababu.

Jambo moja wengi hawalijui: "jana" ya chati yako si lazima iwe jana ya Unguja. Mshumaa wa siku hufungwa kwa saa za seva ya broka, na wengi huzilinganisha na kufungwa kwa New York. Kwetu hiyo ni saa 6 usiku wakati wa kiangazi cha kaskazini, na saa 7 usiku wakati wa baridi yao. Broka anayefuata saa nyingine atakupa kilele tofauti. Tizama saa iliyoandikwa chini ya chati yako kabla ya kuchora.

## Viashiria vitatu vinatosha

ATR. Hiki hupima bei inatembea kiasi gani kwa wastani katika kila mshumaa. Kilitungwa na Mmarekani J. Welles Wilder, aliyekichapisha mwaka 1978 pamoja na RSI. Kiache kwenye 14. Hakikwambii bei inakwenda wapi. Kinakwambia stopu yako ikae umbali gani na kama shabaha yako inafikika. Dhahabu ikiwa imeshatembea ATR yake yote ya siku kufikia saa 10 jioni, brekauti ya saa hiyo ina njia fupi mbele yake.

Wingi wa biashara. Hapa pana mtego. Soko la fedha za kigeni halina jengo moja linalohesabu biashara zote, kwa hiyo vijiti unavyoviona chini ya MetaTrader vinahesabu mara ambazo bei ilibadilika kwa broka wako, si pesa iliyopita. Bado vinafaa kwa kulinganisha: kijiti cha brekauti kizidi wastani wa vijiti 20 vilivyotangulia. Kikiwa kifupi kuliko majirani zake, shuku.

Bendi za Bollinger, kwa mpangilio wake wa kawaida wa 20 na 2. Kazi yake hapa ni moja tu, kukuonesha soko limebanwa. Bendi zikikaribiana kuliko ilivyokuwa siku kadhaa nyuma, mtikisiko uko karibu. Hazikwambii utakwenda upande gani. Mtu akikwambia kugusa bendi ya juu ni ishara ya kuuza, mpishe. Kwenye brekauti ya kweli bei hutambaa juu ya bendi hiyo kwa saa nyingi.

Chati yako ikiwa na profaili ya wingi, ile michoro ya ubavuni inayoonesha bei zipi zilifanyiwa biashara nyingi, itumie kuweka shabaha. Bei hupita haraka pale penye mchoro mwembamba na kukwama pale penye mchoro mnene.

Viache vifuatavyo:

- RSI kama sababu ya kuuza. RSI juu ya 70 wakati wa brekauti ni dalili ya nguvu.
- Zigizagi na vyote vinavyojichora upya. Ukitizama nyuma vinaonekana havikosei kamwe, kwa sababu vimeshafuta makosa yao. Hata fraktali inahitaji mishumaa miwili upande wa kulia kabla ya kukubalika, kwa hiyo ile alama inayoonekana kwenye kilele haikuwapo kilele kilipokuwa kinatengenezwa.
- Kiashiria cha kununua kinachokuchorea "maeneo ya taasisi". Kinasoma vilele na mabonde yale yale uliyochora bure.

Kujua kama kiashiria kinajichora upya ni rahisi. Kiweke kwenye chati, piga picha ya skrini, rudi kesho, linganisha.

## Saa zetu na saa zao

Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. Bandika hizi karibu na unapochajia simu:

- London hufunguliwa saa 4 asubuhi wakati wa kiangazi chao, saa 5 asubuhi wakati wa baridi.
- Taarifa kubwa za uchumi za Marekani, pamoja na ile ya ajira ambayo aghalabu hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hutoka saa 9 na nusu alasiri wakati wa kiangazi, saa 10 na nusu jioni wakati wa baridi.
- Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katikati pana wiki moja au zaidi ambazo tofauti uliyoizoea haipo.

Brekauti ya kilele cha Asia katika saa ya kwanza ya London ni ya kufuatiliwa kwa makini, nayo ndiyo yenye kufagia sana. Brekauti ya saa 8 usiku mimi siigusi. Na karibu na kufungwa kwa New York wauzaji na wanunuzi hupungua na spredi, yaani tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, hupanuka hata kwenye yuro, kiasi cha kugusa stopu iliyo karibu bila bei kutembea. Stopu yako ikiwa nyembamba, funga biashara kabla ya saa hiyo.

## Hatua za kuingia

1. Asubuhi, kabla ya London, chora mistari. Andika kwenye daftari mstari upi uko karibu na bei na ni rundo la nani lililo ng'ambo yake.
2. Tizama kalenda ya taarifa. Ikiwepo taarifa kubwa ndani ya nusu saa, subiri ipite.
3. Bei ikivuka mstari, usifanye kitu. Ndiyo, usifanye kitu. Ngoja mshumaa wa dakika 15 ufungwe.
4. Mshumaa ukifungwa ndani, yaani utambi umetoka nje na mwili umerudi, bei imefagia. Brekauti haipo. Futa wazo la kununua.
5. Mshumaa ukifungwa nje kwa mwili mnene, na kijiti cha wingi kimezidi wastani wa 20, brekauti inawezekana. Bado usiingie.
6. Subiri bei irudi kuupima mstari uliovunjwa. Ikirudi, ikakataa kuingia ndani, na mshumaa ukafungwa ukielekea upande wa brekauti, ingia.
7. Weka stopu ng'ambo ya mstari kwa umbali wa ATR moja ya dakika 15. Usiigandishe chini ya utambi wa karibuni, maana hapo ndipo kila mtu ameiweka.
8. Shabaha ni rundo linalofuata: kilele cha jana, cha wiki, au namba ya duara. Iweke pipsi mbili tatu kabla ya kulifikia. Shabaha isipofika mara mbili ya hasara uliyokubali, iache.

"Lakini mara nyingine hairudi kupima, inakimbia moja kwa moja!" Kweli, na utaikosa. Gharama ya kuikosa ni sifuri. Gharama ya kuifukuza ni stopu pana, bei mbaya ya kuingia na shabaha iliyokaribia, vyote vitatu kwa mpigo. Anayeshindwa kuvumilia brekauti iliyompita hana haja ya kiashiria kipya. Afunge programu, aende zake ufukweni.

Wapo wanaopendelea kuingia kinyume pale penye hatua ya nne: bei imefagia juu, wao wanauza. Inafaa, ila uwe na subira ile ile. Ngoja bei ivunje bonde dogo la mwisho kwenda chini kwanza, na stopu ikae juu ya utambi uliofagia, ukiongeza spredi.

## Mfano wa tarakimu

Tuseme yuro na dola. Kipindi cha Asia kimekaa kati ya 1.0842 na 1.0864. Kilele cha jana ni 1.0898. ATR ya dakika 15 ni pipsi 8.

London inafunguliwa. Bei inaruka hadi 1.0869, mshumaa unafungwa 1.0860. Mwenye amri ya kununua iliyotegwa 1.0866 ameshaingia na sasa yuko kwenye hasara. Wewe umeandika tu kwenye daftari: imefagia juu.

Saa moja baadaye bei inarudi, mshumaa unafungwa 1.0876 kwa mwili mnene na kijiti kirefu. Unasubiri. Inashuka hadi 1.0865, inakataa, mshumaa unafungwa 1.0868. Unanunua hapo. Stopu inakaa 1.0856, yaani pipsi 8 chini ya mstari wa 1.0864. Hasara ikitokea ni pipsi 12. Shabaha ni 1.0895, chini kidogo ya kilele cha jana, faida ya pipsi 27. Kwa loti ya 0.01 hiyo ni dola 1.20 ya kupoteza na dola 2.70 ya kupata, kabla ya spredi.

Ukivuta pumzi na kusema "dola mbili tu?", soma sehemu inayofuata mara mbili.

## Loti: hapa ndipo akaunti hufia

Sheria inayojulikana ni kutohatarisha zaidi ya asilimia 1 kwa biashara moja. Ila hesabu yake haifanywi. Akaunti ya dola 100 ina hatari ya dola 1. Loti ndogo kabisa ya akaunti ya kawaida ni 0.01, na kila pipsi ya yuro na dola hapo ni senti 10 za dola. Maana yake stopu yako haiwezi kuzidi pipsi 10, na huo mfano wa juu, wenye stopu ya pipsi 12, tayari umepita mpaka. Njia ni mbili: akaunti ya senti, au kutoingia.

Dhahabu ndiyo mbaya zaidi, nayo ndiyo mnayoipenda. Loti ya 0.01 ya dhahabu ni wakia moja. Bei ikitembea dola 10, umepata au umepoteza dola 10. Tangu dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, mwendo wa dola 10 hautafuti sababu. Unaweza kutokea ukiwa unajibu salamu ya mtu. Dola 100 kwenye dhahabu, pamoja na stopu yenye kuheshimu ATR, ni hatari ya asilimia 8 au 10 kwa biashara moja.

Hesabu ya kupoteza mfululizo ni hii. Stopu kumi zikiguswa kwa kufuatana kwa asilimia 1, akaunti imepungua kwa chini ya asilimia 10. Zikiguswa kumi kwa asilimia 10, imebaki asilimia 35 hivi, na ili urudi ulipokuwa unahitaji karibu kuizidisha mara tatu. Mfumo mzuri wa brekauti hukosea mara nyingi kuliko kupatia, kwa hiyo mfululizo huo utakutana nao.

"Mbona fulani ameshajenga nyumba kwa foreksi?" Huenda. Lakini mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilipobana levereji, yaani mkopo wa broka, mwaka 2018, ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa biashara za aina hii hupoteza pesa. Huko Brazil watafiti walifuatilia watu waliotredi kila siku kwenye soko la fyucha za hisa. Kati ya waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza. Kudumu peke yake hakukuwafundisha.

## Makosa ninayoyaona kila mara

Kusogeza stopu mbali bei inapoikaribia. Hili linashinda mengine yote, na anayelifanya ameshaamua kufilisika, amebakiwa na tarehe tu.

Kutega amri mbili, ya kununua juu na ya kuuza chini, dakika moja kabla ya taarifa ya ajira ya Marekani. Bei hufagia pande zote mbili ndani ya sekunde chache, na spredi inakukuta imepanuka.

Kutredi jozi tatu zenye dola ukidhani umegawanya hatari. Ukinunua yuro na pauni dhidi ya dola, na papo hapo ukauza dola dhidi ya faranga ya Uswisi, umeweka dau moja la mara tatu.

Kuiamini stopu kama vile ni ukuta. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kima cha faranga 1.20 kwa yuro ilichokilinda tangu 2011. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na wanunuzi wa yuro. Stopu zilitekelezwa mbali sana na zilipowekwa, wateja wakabaki na madeni, Alpari ya Uingereza ikafilisika, na FXCM ikaokolewa kwa mkopo wa dola milioni 300. Eneo la ukwasi ni ahadi ya watu, na watu hukimbia. Chagua broka anayekuhakikishia kwa maandishi kuwa akaunti haitashuka chini ya sifuri.

Na kutredi bila stopu kwa sababu "niko mbele ya simu". Waliokuwapo Unguja mwishoni mwa 2009 wanakumbuka umeme wa kutoka bara ulivyokatika Desemba na kurudi Machi 2010. Leo hali ni nafuu, lakini mnara wa simu ukizimika au bando likiisha, stopu inayokulinda ni ile iliyokwisha kukaa kwenye seva ya broka. Stopu ya kichwani huzimika pamoja na simu.

## "Naweza kutumia haya kwa hisa za DSE?"

Kwa sehemu ndogo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na hadi leo kampuni nyingi zilizoorodheshwa hazifanyiwi biashara kubwa kila siku. Mtu mmoja mwenye amri nene anaweza kuvunja kilele cha mwezi mzima, na kesho yake hapana anayenunua. Kwa hiyo huko mistari ya vilele inadanganya. Kinachofaa ni kutizama amri zilizopo: wangapi wananunua, kwa bei gani, na ukitaka kutoka utamuuzia nani. Hisa za CRDB na NMB zina wanunuzi zaidi kuliko nyingi. Ubora wa DSE ni kwamba unaweza kununua kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, kwa pesa yako taslimu, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ukikosea, hisa inabaki yako.

## "Ni halali?"

Mimi si sheikh, na asiye sheikh asikupe fatwa, hata akiwa na chati nzuri. Naweza kukueleza tu unachopaswa kumweleza sheikh wako, maana wengi huuliza nusu. Mwambie kuwa broka anakukopesha ili ufanye biashara kubwa kuliko pesa yako, kwa sharti upitie kwake. Mwambie kuwa akaunti ya kawaida hutozwa au hulipwa swapu, yaani riba ya usiku. Akaunti isiyo na swapu huondoa hilo la pili, ingawa baadhi ya broka hulirudisha kwa jina la ada au spredi pana. La kwanza linabaki. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilikataza biashara ya mkopo wa marjini katika kikao chake cha mwaka 2006, na mkopo huo ulikuwa miongoni mwa sababu. Nenda na hayo yote mkononi.

## Broka na watu wa signali

- Tafuta leseni kwa msimamizi mwenyewe, si kwenye tovuti ya broka. Kenya walitunga kanuni za foreksi ya mtandaoni mwaka 2017, na mamlaka yao ya masoko ya mitaji huchapisha majina ya wenye leseni. Kwetu, waulize Benki Kuu ya Tanzania na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla ya kutuma hata shilingi. Leseni ya kisiwa usichokijua haitakusaidia ukidhulumiwa ukiwa Uroa.
- Weka kiasi kidogo, fanya biashara moja ndogo, kisha toa pesa yote. Broka anayechelewesha kutoa dola 20 hatakupa dola 2,000.
- Usimpe mtu nywila yako wala pesa "akutredie". Mwaka 2009 watu wengi Tanzania walipoteza akiba zao kwenye DECI, iliyowataka wapande mbegu na kungoja mavuno maradufu. Siku hizi mbegu inaitwa akaunti ya kusimamiwa.
- Mwenye kuuza signali akuoneshe taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, pamoja na hasara zake. Picha ya skrini yenye faida hutengenezwa kwa akaunti ya demo ndani ya dakika kumi.

## Kabla ya kuweka pesa

Chukua jozi moja tu, yuro na dola. Kila siku ya kazi chora mistari kabla ya London, na kila mstari unapovukwa uandike mambo manne: ulikuwa mstari gani, saa ngapi, kijiti cha wingi kilizidi wastani au la, na mshumaa ulifungwa nje au ulirudi ndani. Piga picha ya chati, usinunue, usiuze. Ukikusanya mia moja, hesabu ni mara ngapi kilele cha Asia kilifagiwa na ni mara ngapi kilivunjwa kweli, kisha fanya hivyo hivyo kwa kilele cha jana na cha wiki. Mstari ambao daftari lako linaonesha hauna tofauti kati ya kufagia na kuvunja, ufute kwenye chati, uendelee na iliyobaki kwenye demo kwa loti ile ile utakayotumia kwa pesa halisi.